Upepo Ndani ya Kanda

Nasieku hakubisha. Alisukuma mlango wa duka kwa bega, akaziweka juu ya meza hedifoni zilizosahaulika kwao Jumamosi, polepole kama mtu anayemlaza mtoto aliyesinzia, na upole huo ndio uliomtisha Muteti. Angezitupa, angalau angejua pa kuanzia.

"Papa amesema usirudi tena bomani," alisema.

Ilikuwa Jumatatu, jua bado kali, na malori ya Namanga yalikuwa yakipita nje yakitikisa vioo. Muteti alikuwa ameketi nyuma ya meza, mikono mitupu. Tangu Jumamosi hakuwa amewasha kitu. Duka lililojaa spika kutoka sakafuni hadi kwenye mabati, duka ambalo watu wa Kitengela waliisikia besi yake kabla ya kuuona mlango wake, lilikuwa kimya kama nyumba iliyohamwa.

"Kaa kwanza, Nasi."

"Sikai."

"Hata maji?"

"Sikuja kunywa maji. Nimekuja kuchukua kanda ya mama. Ile ya zamani, si hiyo yako."

Alisema "hiyo yako" bila kumtazama. Muteti aliyatafuta macho yake, yale macho ambayo mwaka mzima yalikuwa yakimsubiri pale dirishani kila Jumapili baada ya kanisa, akakuta kope tu.

Walikuwa wamekutana kwenye arusi huko Matasia. Muteti alikuwa ameleta vyombo vyake, amplifaya mbili na spika nne, na wageni wote walikuwa wamesogeza viti mbali kwa sababu ya kelele. Msichana mmoja tu ndiye aliyekuja akasimama karibu kabisa na spika, mkono juu ya sanduku, uso umetulia. Muteti alimtazama wimbo mzima. Alijiambia, huyu ndiye. Huyu anajua sauti ni nini.

Kwa sababu kwa Muteti, sauti haikuwa jambo dogo. Alikuwa mtu wa kupangusa hedi, kile kichwa kinachosoma kanda, kwa pamba na spiriti kabla ya kila wimbo. Alikuwa akimkalisha Nasieku katikati ya duka, anamwekea wimbo mmoja kwa kanda, halafu wimbo ule ule kwa CD.

"Ipi mzuri?"

"Zote ni sawa."

"Sawa aje, Nasi? Hii ya kanda imefunikwa blanketi. Hii ya CD imeoshwa. Sikia hapo juu, kwa njuga."

"Mimi naskia wimbo."

"Wewe uko na masikio ya bati!" alikuwa akicheka, na kumvuta kwake, naye alikuwa akicheka pia. Au Muteti alidhani anacheka.

Siku Nasieku alipomwambia kuhusu kanda ya mama yake, Muteti hakulala vizuri kwa furaha. Mama huyo alikuwa amefariki mwaka wa tisini na nne. Miaka miwili kabla, mtu alikuwa amenasa sauti yake akiimba kwa Kimaasai kwenye harambee ya kanisa, nje, uwanjani, kwa redio kaseti ndogo. Bomani hakuna aliyemtaja kwa jina. Alikuwa Ng'oto Felix, mama yake Felix, kifungua mimba wake, basi. Na kila Jumapili jioni Mzee Kisemei, mumewe, aliitundika redio yake ya spika moja kwenye msumari, akaketi chini yake, akasikiliza wimbo ule mpaka mwisho, halafu akaenda kuhesabu ng'ombe.

"Kwa hiyo redio ya bati?" Muteti aliuliza. "Mzee hajawahi kumsikia mke wake, basi. Niletee hiyo kanda. Ninataka siku tukija kuposa nimpe zawadi ambayo hakuna mkwe amewahi kupeana."

Na alifanya kazi. Mungu anajua alifanya kazi. Aliinakili kanda ile kwenye kanda mpya, akiinua hapa na kushusha pale kwenye ikwalaiza, mashine ya kurekebisha sauti, akapunguza ule mchanga unaokoroma nyuma ya kila kanda nzee. Sehemu moja ilimsumbua. Katikati ya wimbo upepo wa uwanjani ulikuwa umevuma, shhhh, ukafunika sauti. Muteti aliuchimba upepo huo. Na chini yake akakuta kitu: mwanamke mwingine, mbali, pengine jikoni, akimwita Ng'oto Felix kwa jina lake lenyewe, lile alilopewa na baba yake, na baada ya jina, neno moja la Kimaasai. *Wou!* Njoo.

Alilia pale pale mezani. Kwao Machakos, jina la marehemu halifukiwi. Linapewa mtoto, mtoto anaitwa asubuhi hadi jioni, na mwenye jina anaendelea kutembea duniani kwa miguu midogo. Yeye mwenyewe alikuwa Muteti kwa sababu babu yake alikuwa Muteti. Akaona amepata dhahabu.

Jumamosi wakaenda. Muteti na mjomba wake Ndolo, mzee mwenye maneno taratibu na fimbo nyeusi aliyoachiwa na baba yake, wakafika kwa Mzee Kisemei ng'ambo ya Isinya na sukari na blanketi, na pikapu imejaa masanduku. Mambo yalianza vizuri. Muteti aliinamisha kichwa, mzee akamgusa utosini kama anavyogusa watoto wa boma. Chai ikaja, nzito kwa maziwa.

"Sasa wewe Mkamba wa maredio," Felix, kaka yake Nasieku, alimchokoza, "hayo masanduku kwa gari umekuja kutuzika?"

"Ni spika, bwana."

"Hapa ng'ombe zinalia vizuri bila spika."

"Wacha akuonyeshe, kijana," alisema Ndolo. "Hata hiyo ng'ombe yako itajitambua ikijisikia."

Watu walicheka, hata mzee. Nasieku, aliyekuwa mlangoni na wanawake, alimtupia Muteti jicho moja tu, la haraka. Jicho lile lilimtosha. Akaunga nyaya kwenye betri ya gari.

Sauti ya mama ilitoka safi. Ilisikika pumzi yake kabla ya kila mstari. Zilisikika shanga za shingoni zikigongana. Mzee Kisemei alifumba macho, na shangazi mmoja akaziba mdomo kwa mkono. Kisha wimbo ukafika pale pa upepo, na upepo haukuwepo. Spika mbili zilizotengenezwa kwa viwanja vya arusi zikaliita jina la marehemu katikati ya boma lake, kwa nguvu, na zikamwambia njoo.

Jina lenyewe haliandikwi hapa.

Wanawake walijifunika nyuso kwa shuka. Mtoto mmoja alianza kulia kwa sababu aliona wakubwa wameogopa. Walikuwa watu wa kanisa, ndiyo, Biblia zilikuwa ndani ya nyumba. Lakini kwa Mzee Kisemei jina la aliyekwenda hushuka naye, na wanaobaki hawaligusi. Mzee alisimama, akatoka, akaenda mbugani peke yake.

"Zima!" Felix alikuwa tayari amezing'oa nyaya kwenye betri. "Zima hii takataka yako! Umetuletea nini?"

"Lakini kosa ni gani?" Ndolo aliuliza, akigeuka huku na huku. "Si ni mama ameitwa tu? Si ni jina lake?"

"Mzee, nyamaza. Tafadhali. Pandeni gari muende."

Wakaenda, kwa haraka na aibu kiasi kwamba Ndolo aliisahau fimbo ya baba yake imeegemea mlangoni.

Sasa Jumatatu, dukani, Nasieku alikuwa amenyoosha mkono anangoja kanda.

"Nikuulize kitu kimoja," Muteti alisema. Sauti yake ilikuwa na ukali ambao hakuutaka. "Wiki iliyopita ulikaa kwa hiki kiti. Nikakuwekea hizi hedifoni. Nikakuuliza, Nasi, unasikia hapo kwa upepo? Kuna mtu anaitwa. Ukasema ndio. Ukatabasamu hata. Ulijua jina halitajwi. Kwa nini uliniacha niende nijichome?"

"Nilisema ndio."

"Ndio hiyo sasa! Ulisikia!"

"Sikusikia, Muteti."

Lori lilipita. Vioo vikatetemeka, vikatulia.

"Unamaanisha nini hukusikia?"

"Sikusikia jina. Sikusikia mtu. Kwa hizo hedifoni zako nilisikia mama, basi, na kitu kama maji." Sasa alimtazama. "Kila Jumapili unaniweka kwa kiti. Hii na hii, ipi mzuri. Kama mtoto wa nasari. Nikisema ni sawa, unacheka. Masikio ya bati. Siku hiyo niliona uso wako vile uko na furaha, nikachoka. Nikasema ndio ili uache kuniuliza."

"Lakini hapo mtu yeyote angesikia…"

"Mtu yeyote hashoni pale nashona."

Alisema hivyo bila kuinua sauti. Miaka sita alikuwa ameketi kwenye mstari wa cherehani, kiwanda cha nguo upande wa Athi River, mamia ya mashine chini ya paa moja la bati. Wasichana walikuwa wameanza kuweka pamba masikioni. Msimamizi akawapitia mmoja mmoja akiitoa kwa vidole vyake, akisema wakiziba masikio hawatamsikia akiwaita. Kiwanda kile kilichagua wasichana wa Kitengela wakiwa wazima kama mtu anavyochagua nyanya sokoni, kikawarudisha nyumbani hawasikii ndege, na mpaka leo hakuna aliyekiuliza.

"Njuga zako hizo za juu," Nasieku aliendelea, "mimi sina. Zimeenda. Na kule Matasia sikusimama kwa spika yako eti napenda besi. Nilisimama hapo kwa sababu hapo tu ndio maneno yalikuwa yananifikia."

Muteti alikumbuka kila kicheko. Alikumbuka jinsi alivyowaambia hata marafiki, mbele yake, kwamba mchumba wake hawezi kutofautisha debe na gitaa. Na Nasieku alikuwa ameketi pale akinywa soda.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikwambie wewe? Wewe ambaye ukisikia spika ya jirani inakwaruza unaumwa na tumbo?" Machozi yalikuwa yamefika lakini aliyazuia. "Niliogopa utaniona nimeharibika. Kama hizo redio unaletewa, unafungua nyuma, unasema hii haina dawa."

"Nasi."

"Na nikuulize na mimi. Hiyo kanda, nani alikuambia ni chafu?"

Muteti aliitazama droo.

"Hakuna mtu alikuambia. Ulitaka tu kuosha. Mimi hiyo sauti ya bati ndiyo mama yangu. Alipoenda nilikuwa na miaka kumi na saba. Nimemsikia akiimba kwa hiyo redio kuliko vile nilimsikia akiimba kwa mdomo wake."

"Nilitaka mzee amsikie vile alikuwa."

"Vile alikuwa, Papa anajua. Wewe ndio hukumjua."

Alinyoosha mkono tena. Muteti aliifungua droo, akatoa kanda nzee, ile yenye maandishi ya kalamu yaliyofifia, lakini hakuiweka mkononi mwake. Alitoa pia wembe na selotepu, akatia vyote mfukoni. Akafunga duka mchana peupe.

"Unaenda wapi? Nimekuambia amesema usirudi."

"Sitaingia. Nitasimama nje ya lango. Akinifukuza, nifukuzwe nikiwa hapo."

Pikapu ilikuwa nyepesi bila spika, ikirukaruka kwenye barabara ya vumbi baada ya Isinya. Mara moja tu Nasieku alisema, "Polepole," na Muteti akaenda polepole.

Mzee Kisemei alikuwa ameketi nje kwenye kigoda. Redio ilikuwa juu ya msumari wake. Nasieku alipokea kanda kwa Muteti, akapita lango na kumpa baba yake kwa mikono miwili. Muteti alibaki nje ya boma la miiba, kofia mkononi. Mzee alimwona.

Akaiingiza kanda. Sauti ikatoka, nyembamba, ya bati, yenye mchanga. Ikafika kwenye upepo. Shhhh. Mzee akaizima. Akairudisha nyuma, akaiwasha tena. Shhhh. Akaizima.

"Wewe," alisema bila kugeuka. "Kuja."

Muteti akaingia, akainamisha kichwa. Mkono haukuja. Alikaa hivyo muda, kisha akainuka mwenyewe.

"Sikiliza hapa." Mzee akaiwasha. "Unasikia nini?"

Muteti alisikiliza kwa masikio yake yote. Kwa spika ndogo ile, hakuna mtu duniani angelipata jina. "Nasikia upepo, mzee."

"Na mimi, miaka yote, nilikuwa nasikia upepo. Hapo ndio nilikuwa napumzika. Wimbo unanishika, unanishika, ukifika kwa upepo unaniachilia kidogo." Aliigusa redio kwa kidole. "Sasa nasikia mtu anaitwa. Anaambiwa aje. Kila mara. Nimekuwa nikiisikia tangu hiyo siku hata bila kanda. Wewe ni fundi. Rudisha."

"Kanda iko vile ilikuwa, mzee. Redio pia sijaigusa."

"Basi rudisha masikio yangu."

Nasieku aligeuza uso.

"Hiyo siwezi," alisema. "Mzee, kwetu mtu akienda, tunampa mtoto jina lake, tunaliita kila siku. Nilifikiri nimekuletea yeye. Sikuuliza. Hata Nasieku sikumuuliza vizuri, nilimpima tu. Makosa ni yangu, si yake."

"Sisi tunamwacha alale," mzee alisema.

"Ndio, mzee."

Ndama walikuwa wanalia zizini, wakiwaita mama zao wanaorudi.

"Kuna kitu naweza kufanya," Muteti alisema. "Naweza kukitoa hicho kipande. Nikikate kwa wembe, niunganishe. Lakini wimbo utaruka hapo. Utasikika umekatwa. Hauwezi kuwa mzima tena."

"Nani alikuambia mimi ni mzima?" Mzee alimtazama kwa mara ya kwanza. "Kata."

Mtu ambaye hakuruhusu hata vumbi liguse kanda alipiga magoti kwenye mavi ya ng'ombe, akaivuta ile ngozi nyembamba ya kahawia nje ya kaseti kwa ncha ya kalamu. Nasieku alichuchumaa upande wa pili, akazishika ncha mbili kwa vidole vyake vya ushonaji, vidole vilivyozoea kushika kitambaa bila kukivuta, naye Muteti akakata. Kipande kilikuwa kifupi kama kidole. Akaunganisha kwa selotepu, akazungusha kanda ndani kwa kalamu.

Mzee Kisemei alikichukua kile kipande. Akaenda nacho karibu na lango. Mkononi alikuwa na fimbo nyeusi, na Muteti akaitambua. Kwa ncha yake mzee alichimba shimo dogo, akakiweka, akafukia, akakanyaga kwa kisigino. Aliporudi, uso wake ulikuwa umelegea.

"Weka," alisema.

Nasieku akaiwasha redio. Mama akaimba. Mstari, mstari, kisha upepo ukaanza, na pale pale wimbo ukaruka, vibaya, neno likikatwa katikati. Kwa Muteti ilikuwa kama kisu. Alifumba macho.

Na kwenye pengo lile akasikia sauti nyingine, ya kukwaruza, isiyozoea. Mzee alikuwa akiimba. Maneno machache tu, yale yaliyopotea, kisha mkewe akayapokea na kuendelea. Nasieku alikuwa amemkazia baba yake macho kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza. Hakuwahi kumsikia akiimba tangu azaliwe.

Wimbo ulipokwisha mzee aliizima redio mwenyewe. Ng'ombe walikuwa wamefika.

"Hii fimbo ni ya mjomba wako," alimwambia Muteti. "Sitaipeana kwa mtu abebe. Mwambie aje aichukue mwenyewe."

"Nimesikia, mzee."

"Na hayo masanduku yabaki Kitengela."

"Yatabaki, mzee."

Muteti akainamisha kichwa kuaga. Safari hii mkono ulikuja. Ulikaa utosini muda kidogo kuliko desturi, ukiwa mzito, halafu mzee akaenda kuhesabu ng'ombe wake.

Nasieku alimsindikiza hadi kwenye pikapu. Vumbi la ng'ombe lilikuwa bado hewani, likiingia kwenye nywele zake. Muteti alishika mlango bila kuufungua. Alikuwa na mengi ya kusema na yote yalikuwa madogo.

"Imeruka vibaya," alisema mwishowe. "Nimewaharibia wimbo."

Nasieku aliushika mkono wake, ule uliokuwa bado na selotepu imenata kidoleni, akaibandua taratibu.

"Mimi sikusikia ikiruka," alisema.

Muteti alimtazama. Pengine ilikuwa kweli. Pengine alikuwa amesema hivyo kwa sababu aliuona uso wake. Zamani angemrudisha kwenye redio, angemwambia sikiliza tena, hapo, hapo, umesikia? Sasa alisogea karibu kabisa na sikio lake, ili maneno yamfikie.

"Basi hata mimi sikusikia," alisema.